Sanduku la Kufuli Tatu: Akiba na Mikopo ya Wanawake wa Vijijini Tanzania

Wanawake wa vijijini Tanzania waliweka akiba na kukopeshana muda mrefu kabla benki, ushirika au mradi wowote haujawafikia. Akiba hiyo si lazima ilikuwa fedha. Bara ilikuwa kuku, mbuzi, ulezi ghalani na maharage ya mbegu; pwani na visiwani ilikuwa bangili na vipuli vya dhahabu, vilivyovaliwa arusini na kuwekwa rehani siku ya shida. Nguvu za mwili nazo zilikopeshwa. Kwa utaratibu wa ujima, wanawake wa kitongoji walilima leo kwa huyu na kesho kwa yule, mwenye shamba akiwapikia, na aliyelimiwa alijua kuwa anadaiwa siku moja ya jembe na kila aliyekuja. Misiba, uzazi na arusi viliendeshwa hivyo hivyo: mtu alipeleka unga, kuni au kitu kidogo, na kila mmoja alikumbuka nani alimpelekea nini. Hesabu zilitunzwa kichwani, na zilitunzwa vizuri.

Noti na sarafu zilipozidi kutumika, kumbukumbu hiyo ndiyo iliyoubeba upatu, ambao wengi huuita mchezo. Wanawake kumi wakichanga shilingi 5,000 kila wiki, kila wiki mmoja wao huondoka na 50,000, mpaka zamu iwazungukie wote. Anayekusanya huitwa kijumbe, naye mara nyingi hupokea mwanzo, kwa kuwa ndiye anayebeba lawama mtu akitoroka na fungu lake. Humo zimetoka sufuria, vitanda, karo za shule na mitaji ya kwanza ya maandazi, vitenge na samaki wa kukaanga.

Hata hivyo upatu hustawi mahali ambapo watu hupata kidogo kidogo bila kukatika, kama sokoni. Kijijini fedha huja na msimu: mwezi mmoja mavuno yameuzwa, miezi mitano mkono mtupu. Zamu nayo haijui shida. Mtoto anaweza kuugua wiki ya tatu ilhali zamu ya mama yake ni ya tisa. Anayepokea mwisho amewakopesha wenzake wote bila faida yoyote, na mwenye uwezo wa kuchanga zaidi hana ruhusa, sawa na yule aliyekosa wiki hii asivyo na ruhusa ya kuchanga pungufu. Mapengo haya yangeweza kuzibwa mapema na taasisi rasmi. Hayakuzibwa, na sababu yake imo katika namna taasisi hizo zilivyomtambua mwanachama.

Wakati wa utawala wa Waingereza, sheria iliyotungwa Tanganyika katika miaka ya 1920 ilimzuia mfanyabiashara kumshitaki Mwafrika kwa deni ambalo serikali haikuliidhinisha. Ilielezwa kuwa ni kinga kwa mkulima. Matokeo yake ni kwamba mkulima mdogo alikosa mahali rasmi pa kukopa. Unguja na Pemba serikali iliingilia madeni ya wenye mikarafuu kwa amri za mwaka 1934, mashamba mengi yakiwa tayari yamefungwa na deni. Kote huko, mkopaji aliyefikiriwa alikuwa mwanamume mwenye shamba.

Ushirika ulirithi fikra hiyo. Katika miteremko ya Kilimanjaro wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipopitishwa mwaka 1932, chama hicho kiliandaliwa upya na mwaka 1933 kikaandikishwa Moshi kuwa KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya Waafrika vya kwanza barani. Kusini mwa Ziwa Victoria wakulima wa pamba walifuata, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Hakuna sababu ya kuupunguzia ushirika huu sifa zake. Ulimwondoa dalali kati ya mkulima na soko, ulisomesha watoto, ulilea viongozi waliokuja kuipigania nchi.

Lakini mwanachama wa chama cha msingi mlimani alikuwa mwenye kihamba, yaani shamba la familia la migomba na kahawa, na kihamba kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Mwanamke aliingia katika kihamba cha mumewe kwa ndoa. Humo alichuma kahawa iliyoiva, akaimenya kwa mashine ya mkono, akaiosha, akaianika kwenye vichanja, akaigeuza jua likihama, akaikimbiza ndani mawingu yakitanda, kisha akaibeba kichwani hadi chamani. Karani aliipima na kuandika kilo kwa jina la mume. Malipo ya kwanza yalitoka kwa jina hilo, na malipo ya pili, yaliyosubiriwa kwa miezi, yalitoka kwa jina hilo pia. Wanawake wachache waliokuwamo katika daftari la chama kwa kawaida walikuwa wajane. Ilikuwa dhuluma, ingawa wachache wakati ule waliiita hivyo, maana ilikaa ndani ya desturi na ndani ya sheria kwa pamoja.

Mali aliyoiamulia mwanamke mwenyewe ilikuwa ndizi, maziwa, mbege (pombe ya ndizi), na mahindi na maharage ya shamba la tambarare. Hizo ndizo alizozipeleka sokoni, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na daftari la mtoto. Kahawa ilikuwa na chama, karani, ghala na mikopo ya pembejeo. Ndizi haikuwa na chochote kati ya hivyo, japo ndiyo iliyoilisha nyumba kila siku. Mwanamke aliyetaka mtaji wa kupika mbege au kununua mikungu ya jirani kwa jumla alirudi kwa wenzake, kwa maana hapakuwa na karani wa kumwendea.

Uhuru ulileta matumaini, na baadhi yake yalikuwa na msingi. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, uliundwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi, alishika nafasi ya chini ya waziri katika wizara ya ushirika na maendeleo ya jamii, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa katika mji huo huo. Matawi ya UWT yalianzisha maduka, migahawa, bustani na vyumba vya ushonaji, na baadaye jumuiya hiyo ikaunda shirika lake la uchumi, SUWATA. Miradi mingi ya vijijini ilidumu muda mfupi, hasa pale mtaji ulipotoka nje ya kikundi na hesabu zikabaki mikononi mwa viongozi wachache. Wanachama walichangia kazi. Bei ya bidhaa, deni na faida vilijulikana na wawili watatu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mabenki yalitaifishwa, na mwaka 1971 ikaundwa benki ya maendeleo vijijini, ambayo baadaye ikaja kuwa CRDB. Mikopo yake ilipitia vyama na vijiji. Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini, alikiri kuwa mwanamke wa kijijini alibebeshwa kazi kuzidi fungu lake na kwamba jambo hilo halikuwa haki. Ukiri huo haukubadili daftari. Kaya iliendelea kuhesabiwa kwa mkuu wake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zao kupewa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Misukosuko hiyo iliwaumiza sana wakulima wa kahawa, pamba na korosho, lakini mikopo ya wanawake haikuongezeka wala kupungua kwayo, kwa kuwa haikuwapo.

Kilichowasogeza wanawake katikati ya uchumi wa kaya ni dhiki ya miaka ya 1980. Bidhaa ziliadimika, mshahara wa mwezi ukaisha kabla ya wiki ya pili, na bei ya mazao ikafika kwa kuchelewa. Chumvi, sabuni na ada vikategemea maandazi, vitumbua, pombe za kienyeji, mboga na ususi wa mikeka. Serikali ilianza kwa kuwabana wachuuzi, kwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, kisha ikalegea. Michezo ya upatu iliongezeka mijini na kuingia vijijini kwa kasi, kwa kuwa biashara hizo ndogo zilihitaji fungu la mara moja na hapakuwa na pengine pa kulipata.

Soko la fedha lilipofunguliwa kwa sheria ya mabenki ya 1991, wengi walitegemea kuwa benki mpya zingewafuata wakulima. Hazikuwafuata. Benki ilitaka dhamana, na dhamana ni nyumba au shamba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, lakini hati nyingi zilizoandikwa zilibeba jina la mume au la ukoo wake. Serikali ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake mwaka 1993, uliokopesha kupitia halmashauri, na miaka hiyo hiyo yakaingia mashirika kama PRIDE na baadaye FINCA, yakitumia njia inayofanana na ile ya Benki ya Grameen ya Bangladesh: wakopaji hudhaminiana kwa vikundi na kulipa marejesho kila wiki. Kwa muuza genge wa mjini njia hiyo ilifaa. Kwa mkulima wa mahindi haikufaa hata kidogo, kwa sababu marejesho ya wiki ya kwanza yalidaiwa mbegu ikiwa bado haijaota.

Njia iliyofika vijijini ikakaa ilitoka Niger. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi, shirika la CARE lilianza kazi na vikundi vya wanawake wa Kihausa kwa jina la Mata Masu Dubara. Wanawake hao walikuwa na mchezo wao wa kupeana kama upatu, na wengi hawakujua kusoma. Badala ya kuwaletea fedha, mradi uliwafundisha kuibadili michango yao iwe mfuko wa kukopeshana, wenye riba waliyojipangia wenyewe, unaogawanywa mwisho wa mzunguko. Hesabu zilishikwa kwa kukumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ilivuka hadi Zimbabwe na Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imekwisha kufika Unguja.

Unguja njia hiyo iliingilia mlango wa msitu. Pembezoni mwa msitu wa Jozani, katika vijiji kama Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni, watu waliishi kwa kilimo cha udongo wenye mawe, ukindu, kuni, makaa na uchomaji wa chokaa. Msitu uliohifadhi kima punju ulikuwa ukipungua, na kima wenyewe waliingia mashambani. Mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ulioendeshwa na CARE pamoja na idara ya misitu, ulihitaji njia nyingine ya watu kupata fedha, na vikundi vya kuweka na kukopa vilikuwa sehemu ya jibu. Vikaungana katika jumuiya iliyoitwa JOSACA.

Wakati ulikuwa mwafaka. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kuuza nje kilikuwa kimeenea upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi sana walikuwa wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi, huhudumiwa maji yanapokauka wakati wa bamvua, huanikwa, kisha huuzwa kwa kilo. Bei ilikuwa ndogo na kazi nzito, ndani ya maji ya chumvi na jua. Lakini fedha zilitolewa mkononi kwa mwanamke aliyepima mwani wake. Kwa mara ya kwanza katika vijiji vile wanawake wengi kwa pamoja walikuwa na kipato kinachojirudia kwa majina yao, na hicho ndicho kikundi cha akiba kinachohitaji kuliko kitu kingine.

Mkutano wa kikundi cha namna hii unastahili kuelezwa kwa karibu, kwa kuwa uhai wake umo katika mambo madogo. Wanachama, kati ya 15 na 30, huketi kwa mpangilio wa namba zao. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu huwekwa katikati. Lina mtunzaji wake, na funguo tatu hushikwa na wanachama watatu wengine wasio viongozi, hivyo hakuna awezaye kulifungua peke yake nyumbani. Kabla halijafunguliwa, wanachama huulizwa wiki iliyopita zilibaki shilingi ngapi, nao hujibu kwa kumbukumbu. Fedha hutolewa na kuhesabiwa na wahesabu wawili mbele ya wote. Zikipungua, zimepungua mbele ya macho thelathini.

Hufuata mfuko wa jamii, mchango mdogo ulio sawa kwa kila mtu, unaotunzwa mbali na fedha za mkopo kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kisha hununuliwa hisa. Kila mwanachama huitwa kwa namba, hutaja anunue ngapi, kwa kawaida kuanzia moja hadi tano, na kitabu chake hugongwa muhuri mmoja kwa kila hisa. Asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake mwenyewe. Nafasi zilizobaki wazi hupigwa mstari ili asitokee mtu wa kugonga muhuri baada ya mkutano. Anayetaka mkopo husimama, hutaja kiasi na kazi yake, na kiwango cha juu huwa mara tatu ya hisa zake. Aliyechelewa, aliyeongea ovyo na aliyesahau namba yake hulipa faini, nayo huingia sandukuni.

Baada ya miezi 9 hadi 12 kikundi huvunja. Mikopo yote hurudishwa, fedha zote humwagwa mezani na kugawanywa kwa hisa. Kikundi chenye hisa 4,000 za shilingi 1,000 kikikuta milioni 5.2, kila hisa imekuwa 1,300. Siku ya kuvunja huchaguliwa kwa akili: kabla ya Idi, kabla ya shule kufunguliwa Januari, au kabla ya mvua za kupanda. Wataalamu wengi waliitazama hatua hii kama upotevu, kwa kuwa mtaji haukui mwaka hadi mwaka. Wamekosea. Kuvunja ndiko kunakowasafisha wadeni sugu, kunakofichua wizi ungali mdogo, na kunakompa mwanamke fungu kubwa mara moja bila kumwomba mtu. Mapengo ya upatu yalizibwa yote: mwenye kingi alinunua hisa tano na mwenye kidogo moja, mkopo ulifuata shida badala ya zamu, na faida ilirudi kwa aliyeweka.

Suala la riba lilijadiliwa sana visiwani. Wapo walioikubali kwa hoja kwamba ziada humrudia mkopaji mwenyewe siku ya mgao, na wapo waliobaki nje kwa imani yao. Vikundi havikukwama kwa hilo. Tathmini zilizofanywa baada ya mradi kuondoka zilikuta vikundi vya Jozani vingi vingali hai, na vipya vimeundwa na wanavijiji wenyewe bila msaada wa nje, wakifundishwa na wenzao. Miradi michache sana ya maendeleo vijijini inaweza kusema hivyo.

Tanzania Bara njia hiyo ilijulikana zaidi kwa jina la VICOBA, benki za jamii za vijijini, zilizoenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na taasisi ya SEDIT na wengine. VICOBA ilikuwa na watu kama 30, waliogawanywa katika makundi ya watano wanaodhaminiana, na mafunzo ya wiki kadhaa kabla ya mkopo wa kwanza. Kutoka humo zilitoka biashara za aina zote: kuku wa mayai, mashine za kukoboa, sabuni za maji, viti na masufuria ya kukodisha arusini, ununuzi wa mpunga wakati wa mavuno na kuuuza bei ikipanda. Nyingi ni ndogo na zitabaki ndogo. Mkopo wa laki tatu kwa miezi mitatu hununua mpunga, haununui trekta wala kupanda miparachichi ya kusubiri miaka mitatu.

Kupanda kutoka sandukuni hadi kwenye mtaji mkubwa ndiko kulikobaki kugumu. SACCOS, yaani vyama vya ushirika wa akiba na mikopo, zilitoa daraja moja, ingawa nyingi vijijini ziliota kwenye vyama vya mazao na zikabeba uanachama wa kiume uliokuwamo. Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa mwaka 2009. Mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta (TPB). Katika mwanya huo wakaingia wakopeshaji wa mikopo ambayo wananchi waliipa jina la kausha damu: fedha za haraka, marejesho ya kila siku au kila wiki, na mlangoni watu wa kubeba godoro, sufuria na televisheni mwanamke akichelewa. Wengi walikopa huku ili walipe kule. Ukatili huo ulishamiri mahali ambapo vikundi vilikuwa vimekufa au havijawahi kuwapo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana wamo daraja la pili, SACCOS la tatu, na vikundi vya kijamii la nne, vikiandikishwa katika halmashauri. Mwaka huo huo sheria ilizilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo zilivutia vikundi vya aina mbili, vile vilivyokuwa na miaka ya kuweka hisa, na vile vilivyoundwa wiki moja kabla ya kuomba. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo baada ya ukaguzi kuonyesha fedha zilizopotea na vikundi hewa, na mwaka 2024 ikairudisha kwa taratibu mpya, halmashauri kumi zikianza kwa majaribio ya kupitisha fedha benki. Wakati huohuo simu nayo imeingia: tangu 2019 huduma ya M-Koba imeviwezesha vikundi kutunza michango katika akaunti ya pamoja, ambayo haifunguki bila idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Vikundi vingi vijijini vinatumia vyote viwili, akaunti kwa fedha nyingi siku ya kuvunja inapokaribia, na sanduku kwa mkutano wa kila wiki.